Maneno tuliyowaambia wanafunzi wa biashara wa Butembo mbele ya staji

  Tunajua wengine mulishangaa muliposikia kwamba harakati ya wananchi inataka kuzungumza juu ya staji. Mulizoea kutuona barabarani na mabango: maji, umeme, barabara, usalama. Sasa staji inaingilia wapi?

Inaingilia hapa. Wengi wetu tulisoma kontabilite, komersi na jestio. Tulizunguka muji huu na barua ya shule mukononi kama ninyi. Na ile woga ya kuuliza swali, ile yenye inafanya mutu alipe taksi bila kupewa risiti na anyamaze, wengi wetu tulijifunza katika staji. Hakuna mwalimu alitufundisha, tuliipata tu kwenye biro, kidogo kidogo, tukizani njo adabu.

Munajua vile inaanza. Chuo kinakupatia barua ya kuombea staji, unatoa fotokopi kumi, unavaa ile shati moja yenye kola nzuri, na unaanza kupanda na kushuka vilima na mavumbi. Kwenye mulango mulinzi hakuulizi unasoma nini. Anauliza: "Unajulikana na nani humu ndani?" Hatutawadanganya: wengi wetu tulipata fasi juu ya baba mudogo, ao mutu wa kanisa, ao jirani. Kama uko na mutu wa kukufungulia mulango, pita. Lakini kuna mulango mwingine, ule wa makuta, na huo tunataka tuuzungumzie.

Mmoja wetu aliombwa dola 30 katika koperative moja ya akiba hapa kwetu. Mukubwa wa wafanyakazi alisema ni "haki ya staji", kila mutu analipa. Akauliza kama kuna risiti. Yule mukubwa akacheka: "Weye bado mutoto, unaomba risiti kwa watu wenye wanakusaidia?" Akalipa. Mama yake alikuwa ameuza maharagi juu ya kupata hiyo makuta. Wiki ya tano, wakamupatia kazi ya kuandika maingizo ya mwezi uliopita katika kitabu. Akatafuta ile dola 30 kwenye kila mustari. Haikuwemo. Yeye mwenyewe njo aliyekuwa anaandika hesabu, na makuta ya mama yake haikuwa na mustari. Alituambia kisha kwamba siku ile alijifunza kontabilite kuliko miaka mitatu ya darasani. Siye tulicheka, yeye hakucheka.

Basi mukiombwa makuta ya staji, ombeni karatasi, kwa sauti ya pole na heshima yote. Mukinyimwa karatasi, munajua tayari makuta inaenda wapi. Na chuo chenu kijulishwe, juu barua ile ilitoka kwake. Mutu mmoja akienda kulalamika anaonekana mugumu. Watano wakienda pamoja wanasikilizwa.

Tuingie ndani sasa. Wiki ya kwanza utafanya fotokopi. Utatumwa kununua mandazi na inite za simu. Sisi hatuone hiyo kuwa matusi, wiki moja, mbili, ni sawa, mugeni anaangalia nyumba kwanza. Ubaya ni pale unamaliza miezi miwili na bado weye njo mutu wa mandazi, na mwisho unakopa raporo ya mwenzako wa mwaka jana, unabadilisha jina la kampuni na tarehe. Tunajua mambo hayo juu tuliyafanya. Kuna raporo hapa Butembo zimezunguka vyuo miaka na miaka, mupaka makosa ya hesabu yaleyale.

Dada mmoja wa kwetu alikataa kubaki na mandazi. Alikuwa katika ajansi ya dwane. Alimuambia shefu wake: "Papa, munipatie kontena moja tu, niifuate tangu mwanzo mupaka mwisho." Shefu alikubali, labda juu alichoka na maswali yake. Kontena ilikuwa imetoka Mombasa, imepita Kampala, imefika Kasindi. Akaona deklarasio inaingizwa katika Sydonia, akaona OCC wanakuja kupima mizigo, DGDA wanatoa hesabu ya kodi, mwenye mali analipa kwenye banki na anapewa kitansi. Mupaka hapo ni kama kitabu kinavyosema. Kisha lori ikaanza kutembea. Hapa kizuizi, pale kamba imefungwa njiani, huku mutu na daftari, kule mutu bila hata daftari. Kila fasi dereva anashuka, anatoa kitu, anapanda.

Munajua kwamba tangu mwaka 2002 kuna amri ya serikali inayotaja huduma ine tu zenye haki ya kufanya kazi mupakani: dwane, OCC, DGM na usafi wa mupakani. Ine. Nendeni Kasindi muhesabu wenyewe.

Dada yetu alirudi dukani kwa mwenye mali na akafanya ile kazi tunayofundishwa sote: bei ya kununua, usafiri, kodi, ushuru, jumla, gawanya, njo unapata bei ya kila kitu kimoja mbele ya faida. Lakini alikuwa na fungu la makuta lisilo na karatasi. Alipouliza, kontabile wa duka akamujibu bila hata kuinua kichwa: "Andika tu 'matumizi mbalimbali'." Hayo maneno mawili, wandugu! Nyuma ya hayo maneno mawili kuna sababu mama yako ananunua sabuni, mabati na vitenge kwa bei ile. Mwenye duka hapoteze. Anaongeza juu ya bei, na mununuzi wa mwisho anabeba yote.

Aliandika ukurasa mzima juu ya jambo hilo katika raporo yake. Mwalimu aliyemusimamia alisoma, akamuambia: "Ni kweli, lakini ondoa. Utajiletea shida na utatuletea shida." Akaondoa. Alipata alama nzuri. Alipokuja kwetu miaka miwili nyuma ya hapo, kitu cha kwanza alichotuletea ni ule ukurasa, aliuchunga nyumbani katikati ya Biblia. Hatumulaumu. Alikuwa peke yake, na diploma ilikuwa ya familia nzima, kaka zake walilipa. Lakini tungependa siku moja wanafunzi kumi waandike ukurasa ule mwaka mmoja, kila mutu na kontena yake, tuone kama mwalimu ataondoa yote kumi.

Kitu kingine ni kese. Hapa musikie vizuri, juu kuna kijana alitoka staji na deni. Siku moja kesie mwenye kazi hakufika, shefu akamuambia stajieri: "Kaa hapa kidogo." Wakamupatia funguo. Jioni wakahesabu, ikakosekana dola 180. Nani alikuwa kwenye kese? Yeye. Alitia mukono kwenye karatasi ya kukubali, juu alikuwa anatetemeka, na baba yake alilipa miezi saba. Mupaka leo hakuna mutu anajua kama ile makuta ilikosekana siku ile ao ilikuwa imekosekana tangu wiki iliyopita. Mwenye kushika kese ya mutu anahesabu kwanza, mbele ya huyo mutu, wote wawili wanatia mukono, tarehe na saa. Wakisema hakuna wakati, weye pia hauna wakati wa kushika funguo. Utasema watakufukuza. Labda. Kufukuzwa kwa staji ya bure ni bei ndogo kuliko dola 180.

Wadada wanajua kwamba kuna mambo mengine ambayo kaka hawaombwi. "Baki kidogo, tumalize raporo yako saa kumi na mbili." "Barua yako ya mwisho iko nyumbani kwangu." Tuseme wazi: sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inaazibu mutu anayetumia cheo chake kumusumbua mwingine juu ya mambo ya mwili. Shefu wako hawezi kusema ni michezo. Tunajua pia kwamba sheria iko mbali na ile biro iko karibu. Kwa hiyo: chunga ujumbe wa simu, usifute kwa hasira. Ambia mutu mmoja siku ileile, si nyuma ya mwezi. Na wadada wa kwenye harakati wako na kawaida ya kusindikiza: ukienda kuchukua barua yako, mutakwenda wawili ao watatu. Barua zimetoka haraka sana siku zile.

Sasa staji imeisha. Shefu anakupenda, anasema: "Baki, tutaona." Hii "tutaona" ni neno lenye kula ujana wa watu. Tuko na mwenzetu aliyeona mwaka na nusu. Kila asubui saa moja na nusu yuko kazini, anafungua, anafunga, anafundisha wastajieri wapya, na mwisho wa mwezi anapewa "ya sabuni".

Kodi ya kazi ya inchi yetu, ile ya 2002, inasema mambo machache ambayo kila mmoja wenu anapaswa kuyajua kwa kichwa kama namba ya simu ya mama yake. Muda wa kupimwa kazini unaandikwa, na hauwezi kupita miezi sita. Kwa mufanyakazi asiye na ufundi ni mwezi mmoja. Kontra ya muda haiwezi kupita miaka miwili. Na lile lenye wakubwa wengi hawapendi tulitaje: kama hakuna kontra iliyoandikwa, sheria inahesabu kwamba uko na kontra isiyo na mwisho, mupaka mwenye kazi aonyeshe kinyume. Maana yake kukosa karatasi si lazima kukuvunje weye. Lakini lazima uonyeshe kwamba ulikuwa unafanya kazi. Chunga kila kitu: lisiti ya kuhuzuria, faktire uliyotia mukono, ujumbe wa shefu "kuja mapema kesho", makuta iliyoingia kwa M-Pesa ao Airtel Money. Yule mwenzetu wa mwaka na nusu alikwenda kwenye Inspeksio ya kazi na bahasha ya hivyo vitu. Hakupata yote. Alipata miezi kazaa, na alipata usingizi.

Wengine hapa munangoja ONG. Tunawaelewa, mshahara ni mzuri, gari ni nyeupe. Lakini projeti inaisha, na tumeona watu wa miaka makumi tatu na tano wakirudi kuanza kutafuta barua ya kwanza. Wengine munazarau duka la baba mudogo juu muko na lisansi. Hapo tutagombana kidogo. Huu muji ulijengwa na wafanya-biashara, wale waliofuata bidhaa mupaka Dubai na Guangzhou, na wengi wao hesabu yao ilianzia kwenye daftari la shule ya msingi. Mmoja wetu aliingia dukani kwa muyomba wake, akafikiri atamufundisha SYSCOHADA. Muyomba akamuangalia tu. Kisha kijana akafanya kitu kidogo zaidi: alichukua daftari la madeni, akaandika upya kila mudeni, tarehe, kiasi, siku ya mwisho aliyolipa. Wakaona kwamba watu kumi na mbili, na nusu yao ni ndugu, walikuwa wameshika makuta mingi kuliko mali yote iliyobaki kwenye rafu. Muyomba alinyamaza muda murefu. Tangu siku ile anamuita "kontabile wangu" mbele ya wageni, na anamulipa kila mwezi, kwa karatasi.

Na mwenye anataka kuanza chake, hata kidogo, ajue kwamba tangu inchi yetu iingie OHADA mwaka 2012 kuna hali ya kisheria ya mufanya-biashara mudogo, inaitwa "entreprenant": unatoa tangazo, hauombwi usajili wote wa kampuni. Uliza habari kwanza, mbele mutu wa taksi hajakuuliza weye.

Saa inakwenda, na mwenye sale anatuangalia. Kila siku ya posho, saa nane, tunakaa hapahapa na wenzetu wawili waliosoma sheria. Mutu akipewa kontra, aje nayo mbele ya kutia mukono, si nyuma. Tunaisoma pamoja, mustari kwa mustari, bure, bila kumutaja jina popote. Wale wanne wenye wanaanza staji siku ya kwanza ijayo, mubaki kidogo. Na dada yule wa nyuma, mwenye aliinua mukono tangu mwanzo juu ya kese ya koperative, tafazali usitoke, tunataka kusikia.