Mwalimu wa Timu na Wajibu wa Kuzijua Kanuni



Kila mwaka, shule zinapojiandaa kwa michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, maswali ya kwanza huwa ni yale yale. Je, mipira ipo? Jezi zimepatikana? Gari la kuwapeleka watoto Lindi litatoka wapi? Maswali hayo ni ya haki kabisa. Lakini liko swali jingine ambalo huulizwa mwisho, na mara nyingine haliulizwi kabisa: je, mwalimu aliyekabidhiwa timu anazijua kanuni za mashindano anakowapeleka watoto hao?

Swali hilo si dogo. Mtoto wa shule hapewi kitabu cha kanuni akisome. Yeye humwamini mwalimu wake. Akiambiwa asimame hapa, husimama. Akiambiwa aanze kukimbia, hukimbia. Kwa hiyo mwalimu asiyejua kanuni anapokosea, anayetolewa uwanjani ni mtoto. Mwalimu atarudi mwakani na timu nyingine, lakini mtoto wa darasa la saba huenda asipate nafasi ya pili.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mwalimu wa timu anapaswa kujua mambo ya aina mbili. Ziko sheria za mchezo wenyewe, kama zile sheria 17 za soka, ambazo mwamuzi huzitumia uwanjani. Tena ziko kanuni za mashindano: nani anaruhusiwa kucheza, umri wake, namna ya kumwandikisha, adhabu za kadi, na jinsi ya kukata rufaa. Walimu wengi huzijua za kwanza kwa mazoea, kwa kuwa walicheza wenyewe ujanani. Hizo za pili haziwezi kujulikana kwa mazoea. Hapana budi zisomwe.

Kwamba jambo hili ni zito, mifano ipo hata kwa mataifa. Mwezi Juni 2013, katika michezo ya kuwania nafasi ya Kombe la Dunia, Ethiopia iliifunga Botswana mabao 2 kwa 1. Baadaye ikadhihirika kwamba Ethiopia ilimchezesha mchezaji aliyepaswa kukaa nje kwa sababu ya kadi mbili za njano. FIFA ikaufuta ushindi huo na kuipa Botswana mabao 3 kwa 0. Wachezaji walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao. Kilichokosekana ni mtu mzima mmoja kuhesabu kadi kabla ya kuandika orodha ya timu.

Tanzania nayo imeonja pande zote mbili za jambo hili. Timu ya vijana wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilipoteza nafasi yake katika fainali za Afrika zilizofanyika Gambia mwaka 2005, kwa kosa la kumchezesha kijana aliyezidi umri. Miaka kadhaa baadaye mambo yakageuka. Mwaka 2016 timu hiyo ilitolewa na Congo Brazzaville kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Tanzania ikalalamikia umri wa mchezaji mmoja wa Congo, na mchezaji huyo hakufika kwenye kipimo cha umri alichoitiwa. CAF ikaiondoa Congo, na vijana wa Tanzania wakaenda Gabon mwaka 2017. Katika matukio hayo mawili, mambo yaliamuliwa na kanuni, na vijana wengi wasio na kosa lolote waliumia pamoja na mwenzao mmoja.

Wananchi wa Ruangwa wana mfano wa nyumbani. Mwezi Februari 2021, timu yao ya Namungo ilisafiri hadi Angola kucheza na Primeiro de Agosto katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Mchezo haukufanyika kwa sababu ya masharti ya afya yaliyowekwa wakati wa ugonjwa wa korona. CAF ikaamua michezo yote miwili ichezwe Dar es Salaam, na Namungo ikasonga mbele kwa jumla ya mabao 7 kwa 5. Pale ambapo mpira hauwezi kuchezwa, kinachobaki mezani ni vifungu vya kanuni, na kila timu inahitaji mtu anayevielewa.

Sasa mambo hayo yanaihusu vipi shule ya msingi ya Mbekenyera au ya Ruponda? Yanaihusu sana, kwa sababu ngazi ni zile zile: kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa, na hatimaye taifa. Mwaka 2021 michezo hiyo ya taifa ilifanyikia Mtwara, jirani kabisa. Mtoto anayefundishwa vibaya katika kata hulibeba kosa hilo hadi ngazi ya juu, na huko hakuna mwamuzi wa kumwonea huruma.

Chukua mbio za kupokezana vijiti. Mwalimu mmoja alijifunza zamani kwamba eneo la kupokezana katika mbio za mita 100 mara 4 ni mita 20, na kwamba mpokeaji anaweza kuanza kukimbia mita 10 kabla yake. Katika kanuni za dunia za sasa, eneo hilo limekuwa moja la mita 30. Aidha, kinachoangaliwa ni mahali kilipo kijiti, wala si mahali ulipo mguu wa mkimbiaji. Mwalimu asiyejua hayo atachora chokaa isiyo sahihi katika uwanja wa shule, na watoto watafanya mazoezi miezi mitatu kwa alama za uongo.

Ndivyo ilivyo katika kuanza mbio. Tangu mwaka 2010, katika kanuni za dunia, mkimbiaji anayeondoka kabla ya mlio hutolewa papo hapo, bila ya kuonywa kwanza kama zamani. Usain Bolt mwenyewe alitolewa hivyo katika fainali ya mita 100 huko Daegu mwaka 2011. Ikiwa bingwa wa dunia hakusamehewa, mtoto wa Naipanga atasamehewa na nani?

Katika netiboli, mchezaji haruhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde 3, na anayemzuia mwenye mpira hana budi kuwa katika umbali uliowekwa na kanuni. Katika soka, tangu mwaka 2019, mpira wa goli huhesabiwa kuwa mchezoni mara tu unapopigwa na kusogea. Si lazima utoke kwanza nje ya eneo la adhabu. Hata kwaya na ngoma mara nyingi huwekewa muda wa kukaa jukwaani na idadi ya washiriki. Kundi zuri hupoteza alama kwa sababu tu hakuna aliyelipimia saa.

Liko pia suala la rufaa. Katika riadha, malalamiko juu ya matokeo hutakiwa kutolewa ndani ya dakika 30 baada ya matokeo kutangazwa rasmi. Mwalimu asiyejua hilo hulalamika njiani wakati wa kurudi, na haki ya mtoto hupotea. Anayejua hutulia, humwendea mwamuzi mkuu kwa adabu, akataja kanuni, akasikilizwa. Kumbe kelele nyingi za viwanjani chanzo chake ni kutojua.

Ni kweli kwamba mwalimu ana mzigo mkubwa. Ana vipindi, ana madaftari ya kusahihisha, na vitabu vingi vya kanuni vimeandikwa kwa Kiingereza. Hoja hizo ni nzito, na mwalimu hawezi kubebeshwa lawama peke yake. Ofisi za elimu za wilaya nazo zinawajibika kuzifikisha kanuni shuleni kabla ya mazoezi kuanza. Si haki mwalimu kukabidhiwa karatasi asubuhi ya mashindano. Nachingwea ina chuo cha ualimu. Tena wilaya hizi mbili zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 1995, na katika mkoa watoto wake huchaguliwa kuunda timu moja ya Lindi. Hakuna kinachozuia walimu wa pande zote mbili kukutana siku moja kabla ya msimu, wakagawana michezo, kila mmoja akasoma kanuni za mchezo mmoja na kuwaeleza wenzake kwa Kiswahili.

Mambo mengine hayahitaji fedha. Umri wa kila mtoto ulinganishwe na rejista ya shule na cheti cha kuzaliwa kabla jina halijaandikwa. Watoto waelezwe kanuni wakati wa mazoezi, na wazoee kuchezeshwa kwa kanuni hizo. Mwalimu awe na daftari la kadi, muda na malalamiko. Na pale wakubwa wa kijiji wanapomshawishi amwingize kijana aliyekwisha kumaliza shule, mwalimu anayeijua kanuni anayo sababu ya kukataa waziwazi, kwa kuwataja watoto wote watakaoondolewa pamoja na kijana huyo.

Mzazi wa Ruangwa anapomruhusu mwanawe apande gari la michezo, amemkabidhi kwa mwalimu kama anavyomkabidhi darasani. Hakuna mwalimu angethubutu kumwingiza mtoto katika chumba cha mtihani bila kuujua muhtasari wa somo. Kanuni za mashindano ndizo muhtasari wa uwanjani, na mwalimu wa timu anapaswa kuzisoma kabla filimbi haijapulizwa.