Mechi Isipotezwe Mezani

Hotuba kwa wazazi na walimu kabla ya michezo ya muhula wa pili



Muhula wa pili ni msimu wa kandanda, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji saba kila upande. Shule za upili huanzia kiwango cha kanda, kisha kaunti ndogo, kaunti, eneo na hatimaye taifa. Maeneo ni manane, kwa mipaka ya iliyokuwa mikoa. Wanaotamba kitaifa huvuka mpaka kupambana na wenzao wa Afrika Mashariki.

Anayeteleza chini ya ngazi hiyo husubiri hadi mwaka ujao. Hapo ndipo kishawishi huanzia. Kijana aliyekwisha kumaliza Kidato cha Nne huvalishwa jezi na kupewa jina la mwanafunzi mwingine. Mwingine hupunguziwa umri. Timu inashinda, kijiji kinashangilia, kisha rufaa inakatwa na ushindi unapotelea mezani.

Mchezaji wa kukodi hufunga viatu vyake na kwenda zake. Wanaobaki wakilia ni watoto waliokuwa wakiamka alfajiri kufanya mazoezi. Na yupo mmoja ambaye hata hasemwi: yule aliyenyang'anywa nafasi ili mgeni acheze. Huenda hiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho kabla ya kumaliza shule.

Kipaji cha kweli hakikodiwi. Katika Shule ya Upili ya St. Patrick's, Iten, Kaunti ya Elgeyo Marakwet, Brother Colm O'Connell aliwasili kutoka Ireland mwaka wa 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa kocha wa riadha. Alijifunza kazi hiyo uwanjani, pamoja na wanafunzi wake. Mwaka wa 1988, Peter Rono, aliyesoma shuleni humo, alishinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki za Seoul. Kati ya mwalimu kuwasili na dhahabu hiyo kupita miaka 12. Subira ilitangulia, medali ikafuata.

Wakazi huuliza kazi ya kaunti ni ipi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaiachia serikali ya kitaifa elimu ya sekondari, na kuipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Kwa hivyo kaunti haisajili wachezaji wa shule wala haiamui rufaa. Lakini uwanja wa umma ukigeuzwa malisho, jaa la taka au kiwanja cha mtu binafsi, mkazi ana haki ya kuuliza, tena kwa sauti.

Mzazi naye ana lake. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilingane na rekodi za shule, jina kwa jina, tarehe kwa tarehe. Kasoro irekebishwe sasa, si asubuhi ya mechi. Mwalimu wa michezo aelezwe mapema iwapo mtoto ana ugonjwa au jeraha. Na mzazi akiona sura ngeni ndani ya jezi ya shule, amuulize mwalimu mkuu kabla ya kipenga, hata kama mgeni huyo ndiye mfungaji hodari.

Timu iliyoshindwa kwa haki hurudi nyumbani na wachezaji wake, na mwakani hujaribu tena. Watoto wa kaunti hii wapewe nafasi hiyo.