Meno ya Wazee Wetu: Daktari Naye Arudi Shule

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya kamati ya hospitali na wahudumu wa afya wa jumuiya)

Tumeombwa tueleze kwa nini sisi wa kikundi cha afya tunataka pesa zilizochangwa zimpeleke daktari wetu wa meno masomoni, badala ya kununua kiti kipya. Tunajua wengi mnakitaka kile kiti. Hata sisi tulikitaka.

Tuanze na nyanya mmoja tunayemtembelea. Kwanza aliacha githeri. Halafu akaacha nyama, tukasema ni umri. Mwishowe akabaki na uji tu, akakonda, tukaanza kumpelekea sakramenti nyumbani tukidhani safari imekaribia. Siku moja mhudumu akamwomba afungue mdomo. Kumbe meno ya bandia hakuwa ameyatoa usiku wala mchana kwa miaka, na chini yake mlikuwa na vidonda na mizizi miwili iliyooza. Mama wa watu alikuwa anakufa njaa, na sisi tunasema ni uzee.

Tukampeleka kliniki moja mjini. Mizizi iling'olewa vizuri tu, lakini hakuna aliyeuliza anameza dawa gani. Alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu isigande. Damu ilimtoka usiku kucha. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini tangu siku ile hataki kusikia habari ya daktari wa meno.

Sasa, kung'oa na kuziba kila daktari wa meno anajua. Kazi ni huyo mwenye jino. Mzee anakuja na presha, na vidonge vingine vya presha, kama nifedipini na amlodipini, huweza kuvimbisha fizi. Dawa nyingine nyingi hukausha mate, na mdomo usio na mate meno yake huoza upesi, hasa kwenye shina karibu na fizi. Mwenye kisukari, sukari humharibu fizi, na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Anayemeza dawa ya damu haambiwi tu, "Acha kidonge uje kesho," maana damu ikiganda inaweza kwenda kwenye ubongo. Daktari aliyefundishwa huongea kwanza na yule aliyeandika dawa, kisha hushona na kukandamiza kidonda mpaka damu isimame. Hata kumwinua mzee kitini kuna utaratibu. Ukimwinua ghafla presha inashuka, anaanguka. Na mzee aliyeanza kusahau anaulizwa yeye mwenyewe kwanza, si binti yake peke yake.

Chuo Kikuu cha Nairobi kina masomo ya juu ya meno ya watoto, na ni vizuri. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya kama milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Hao nao wana vinywa. Uingereza ilitambua mwaka 2008 taaluma ya meno ya watu wenye mahitaji maalum, wakiwemo wazee dhaifu. Sisi hatuombi masomo marefu ya ubingwa. Tunaomba kozi fupi, pamoja na muda wa kukaa wodini na madaktari wanaotibu wazee.

Huko Japani, mwaka 1999, watafiti walichapisha habari za nyumba za wazee ambako wahudumu waliwasafisha vinywa kila baada ya kula. Katika miaka miwili, nimonia iliwapata 11 katika kila 100; kwa wale ambao hawakusafishwa hivyo, 19. Hebu fikirini: mswaki tu! Lakini lazima awepo wa kuwafundisha wahudumu, na huyo ndiye tunayemtafuta.

Kuhusu kiti: kiti kinakaa hospitalini. Mzee mwenye magoti mabovu hakifikii. Iko njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila mashine wala umeme, na ilianzia hapa jirani, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Huko Ireland wameijaribu kwa wazee ikafaa. Daktari anayeijua anaweza kubeba mkoba akaingia nyumbani kwa yule nyanya, akamtibu ameketi kwenye kiti chake mwenyewe.

Mtauliza, akishasoma si atahamia mjini? Anaweza. Tumewahi kuachwa, na iliuma. Ndiyo maana tunataka atie sahihi ya miaka mitatu, na kila mwezi awafundishe wahudumu, ili hata akiondoka asiondoke na kila kitu.

Kamati itaamua. Wakati tunangoja, kila jumuiya ituandikie majina ya wazee wake: nani ana meno ya bandia, nani ameacha chakula kigumu, nani hatoki nyumbani. Dawa msituandikie "kile kidonge cheupe." Leteni pakiti yenyewe.