Chanjo ya Homa ya Mafua: Nani Aanze Nyumbani?

Maneno ya hotuba iliyosomwa na mwanachama, mwuguzi mstaafu, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Mtunza hazina amekwisha kutusomea hesabu, na sote tumesikia kwamba fungu kubwa la fedha zetu, kama ilivyo desturi, limetumika kwa mazishi. Silaumu. Chama kisichozika watu wake si chama. Walakini leo nataka kusema nanyi juu ya jambo liwezalo kutupunguzia safari za makaburini, nalo ni chanjo ya homa ya mafua.

Wengi wetu tukisikia neno mafua twacheka. Kweli, mafua ya kuvuja pua hupita yenyewe. Lakini homa ya mafua ni ugonjwa mwingine. Huja ghafula kwa homa kali, maumivu ya kichwa na viungo, na kikohozi. Mara nyingine hushuka mapafuni ikawa kichomi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kila mwaka huua watu kati ya 290,000 na 650,000 ulimwenguni. Nasi hatukusahauliwa: maradhi makuu ya mwaka 1918 yaliingia kwa njia ya meli bandarini Mombasa, yakapanda bara.

Nina jambo la kukiri mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka vijana wangu wawili wakachanjwa, kwa kuwa walikuwa wakienda shule ya bweni. Walikuwa na afya njema. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74 na ugonjwa wa sukari, nilimwacha. Nilidhani mtu asiyetoka uani hatapatwa. Ugonjwa ulimfuata huko huko uani, ukiletwa na sisi tuliokuwa tukitoka. Alilala siku nane, na siku ya tisa akafariki. Siwezi kuapa kwamba sindano ingalimwokoa, maana chanjo hii haimkingi kila mtu. Lakini hupunguza hatari ya kulazwa na ya kufa, na mimi, mtu wa hospitali, sikumpa mama nafasi hiyo. Ninyi mlinisaidia kumzika. Ndiyo sababu nasimama hapa.

Basi swali la kwanza si chanjo ipi. Swali la kwanza ni nani aanze. Waanze waja wazito; wazee; wenye maradhi ya moyo, mapafu, figo, sukari au ukimwi; watoto wadogo waliotimiza miezi 6; na wale wanaowauguza wengine. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hachanjwi. Kinga yake hutoka kwa mama aliyechanjwa akiwa mja mzito, na kwa watu wa nyumba walio wazima.

Sasa nije kwenye aina za chanjo. Ya kwanza ni sindano ya kawaida, yenye vijidudu vilivyouawa. Hiyo yawafaa karibu watu wote kuanzia miezi 6, na waja wazito pia. Ya pili hupuliziwa puani, nayo ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Ni ya watu wenye afya wa umri wa miaka 2 hadi 49. Haifai kwa mja mzito wala kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua. Ya tatu ni sindano iliyotiwa nguvu zaidi kwa ajili ya wazee, hasa wa miaka 65 na kuendelea. Ikipatikana, na fedha zikiwapo, mzee apewe hiyo. Isipopatikana, apewe ile ya kawaida siku hiyo hiyo. Asirudishwe nyumbani kungoja iliyo bora.

Tena, msidanganyike kwa hesabu. Zamani kidogo chanjo nyingi zilikinga aina nne za vijidudu. Aina moja kati ya hizo haikuthibitishwa kuonekana tena tangu Machi 2020, na kwa hiyo mabingwa wa dunia wameshauri kurudi kwenye chanjo ya aina tatu. Mtu asiwatoze zaidi kwa kuitaja ile ya nne.

Vijidudu hivi hubadilika, kwa hiyo chanjo hutengenezwa upya na hapana budi kuchanjwa kila mwaka. Nchini kwetu ugonjwa huu huonekana miezi yote. Ulizeni kama chanjo ni ya msimu huu, tazameni tarehe ya mwisho, na hakikisheni imewekwa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8. Mtoto aliye chini ya miaka 9 anayechanjwa mara ya kwanza, kwa kawaida hupewa mara mbili, kwa nafasi ya majuma manne. Kinga huchukua kama majuma mawili kujengeka. Basi msingoje mpaka nyumba nzima inakohoa.

Wako wasemao kwamba sindano yenyewe huleta homa ya mafua. Haiwezi, kwa kuwa vijidudu vyake vimekufa. Mkono huuma, na pengine homa ndogo huja siku moja au mbili. Lakini aliyepata kudhurika vibaya kwa chanjo hii siku za nyuma amwambie tabibu kabla ya kuchanjwa.

Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa ombi. Kamati itenge sehemu ndogo ya michango yetu kila mwaka kulipia sindano za wazee na waja wazito wasiojiweza. Na kila mwenye nyumba, afikapo kwake jioni hii, ahesabu watu wake, akianza na aliye dhaifu kuliko wote. Sisi ni wepesi wa kuchanga mtu akiisha kufa. Na tujifunze kumchangia angali hai, aketipo uani akitungoja.