MAWAZO NAYO NI UGONJWA: TUSIKILIZANE KWA LUGHA YETU

(Mazungumzo yaliyotolewa na Kamati ya Jamii ya kikundi katika sherehe za kutimiza miaka 10, Bariadi)



 Wenzetu waliotangulia wameeleza vizuri habari za hisa, mikopo na faida, hatuna haja ya kuzirudia. Sisi tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo halimo katika daftari la mweka hazina, nalo ni afya ya akili ya mwanamke.

Jamani, mwanachama akikosa vikao vitatu, daftari linaonyesha faini tu. Halionyeshi kwamba mama huyo halali usiku, hali chakula, na anakaa mlangoni kutwa akitazama njia bila kumsubiri mtu.

Huku kwetu mama wa namna hiyo hatakuja kusema "nina sonona". Hilo ni neno la hospitali. Atasema kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio, mwili umechoka na kazi hajafanya. Atasema ana mawazo. Akipimwa malaria haionekani, anapewa dawa ya maumivu anarudi nyumbani. Wengi wetu tumezoea kwamba mgonjwa wa akili ni yule anayeokota makopo sokoni. Hata jina la Mirembe, hospitali iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927 kwa ajili ya kutibu watu, tumeligeuza kuwa tusi. Sasa nani atakubali kuitwa mgonjwa wa Mirembe? Basi mama ananyamaza.

Na mambo ya kuwaza yapo. Pamba imepigwa na jua, au imeuzwa na fedha haikufika nyumbani. Mtoto amefariki. Au mtoto hajapatikana, na ndugu wa mume wameanza kusema. Anapigwa, na kwao hawezi kurudi kwa sababu ng'ombe za mahari zilishagawanywa kwa wajomba na kaka.

Mama huyo akipata mshauri wa kumwambia "achana naye", hajasaidiwa, maana mshauri hajauliza habari za wale ng'ombe. Akipata shangazi wa kumwambia "vumilia, ndoa ndivyo zilivyo", hajasaidiwa vilevile. Wote wawili wamejibu kabla ya kusikia. Ushauri unaofaa humkuta mtu pale alipo, kwa lugha yake, ukijua nyumba yake na ukoo wake, kisha unamsaidia atafute mwenyewe hatua anayoiweza.

Haya si maneno ya kubuni. Huko Zimbabwe, mwaka 2005, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, mwanamke kijana aliyejiua. Familia ilikuwa haijapata nauli ya basi ya kumfikisha kwake Harare. Daktari akaona kwamba kumsubiri mgonjwa hospitali hakutoshi. Mwaka 2006 alianza kazi na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Aliwafundisha kusikiliza, wakawa wanakaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu hawakutaka kulikalia. Bibi wakamshauri daktari abadilishe jina, likawa Benchi la Urafiki. Na ugonjwa wenyewe wanauita kwa Kishona "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Si ndiyo hayo mawazo yetu?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia wagonjwa 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi 6, waliopata huduma ya kawaida karibu nusu yao bado walikuwa na dalili za sonona. Waliokaa na bibi, ni kama 14 tu katika kila 100. Tena baada ya benchi kina mama huingia katika vikundi, wakashona mikoba ya kuuza huku wanaongea. Mpango huo umefika hata Zanzibar.

Wenzetu weusi wa Marekani nao walipita njia hiyo. Mwaka 1983 mama Byllye Avery aliitisha mkutano wa afya ya wanawake weusi katika Chuo cha Spelman, mjini Atlanta, na kutokana na kazi yake vikaenea vikundi vya wanawake kukaa na kusemezana. Walikuwa wamechoka kusifiwa kwamba mwanamke mweusi ana nguvu, habebi mzigo ukamshinda. Sifa hiyo na sisi tunaijua. Humfanya mtu aone aibu kulia.

Karibu zaidi ni Mwanza. Watafiti walifanya kazi na vikundi 66 vya mikopo kama hiki chetu, vyenye wanawake 1,049. Nusu ya vikundi walipata vipindi 10 vya kujadili mahusiano ya nyumbani, palepale wanapokutania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba waliopata vipindi hivyo walipigwa na waume kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo kikundi cha fedha kinaweza kubeba na jambo hili.

Lakini kufuata utamaduni si kubeba kila kilichomo. Hapa Usukumani, tangu miaka ya 1970, wazee wengi, hasa bibi, wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wengine kosa lao ni macho mekundu, na macho hayo yameharibiwa na moshi wa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, kwa kuwa kuni hakuna. Harare bibi anakalishwa kwenye benchi apone naye mtu. Kwetu bibi anafunga mlango mapema kwa hofu. Ndugu zetu, mshauri tunayemtafuta tunaye, na tunamwogopa bure. Mama aliyefiwa akiambiwa na mganga "ni bibi yako", mawazo yake hayaponi, ila nyumba ya pili inaingia msiba.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo manne.

Kwanza, mara moja kwa mwezi, tukimaliza kuhesabu fedha, tubaki nusu saa ya kusikilizana, kwa Kisukuma au Kiswahili.

Pili, siri. Sanduku letu lina kufuli tatu. Maneno ya mwenzetu kufuli yake ni midomo yetu, na atakayeyatoa nje alipe faini kubwa kuliko ya kuchelewa.

Tatu, tuchague wasikilizaji wanne, wawili wawe bibi, wafundishwe na wataalamu wa hospitali na ofisi ya ustawi wa jamii.

Nne, mfuko wa jamii utoe nauli. Yuko anayesema amechoka kuishi, yuko mzazi anayemkataa mtoto mchanga, yuko anayesikia sauti. Hao si wa kuongea nao tu. Wapelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Bariadi, na ikibidi Bugando. Asiachwe peke yake, na dawa ya kupulizia pamba iondolewe nyumbani siku hiyohiyo.

Mfuko huo tuliuweka kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Tukiutumia mapema kwenye ugonjwa huu, misiba mingine hatutaichangia.