Joto la Ncha ya Ufa

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Korogwe na Handeni



Kamati iliniagiza niseme nanyi juu ya jambo la elimu, nami nimechagua ufa. Anayetaka kucheka, kwanza na atwae kibanio cha karatasi, akinyoshe, akikunje na kukikunjua upesi upesi mahali pamoja, kisha akiguse kwa mdomo. Atakiona kina moto. Joto hilo ni nguvu za mkono wake zilizogeuka. Mwaka 1934 Taylor na Quinney wa Cambridge walipima metali zilizopindwa, wakaona kuwa sehemu kubwa mno ya kazi ile hugeuka joto, na kidogo tu hubaki ndani.

Ufa nao hufanya vivyo hivyo, ila nguvu zake hukusanyika nchani. Ukienda polepole, joto hupata nafasi ya kutawanyika. Ukienda mbio, joto halipati nafasi hiyo. Ncha hushika moto, na moto huo husaidia kulegeza vifungo vya kitu kile. Ufa huzidi mbio, na mbio huzidisha moto. Penye ufa wa kioo uendao kasi wataalamu wamepima maelfu ya digrii, mahali padogo pasipoonekana kwa macho, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. (Si kila kitu huwa hivyo: pengine joto hulainisha ncha, na ufa ukapungua ukali.)

Renaud Toussaint na wenzake, watu wa Ufaransa na Norway, walijaribu kitu tukijuacho sana sisi makarani, yaani karatasi. Waliitazama ikichanika polepole kwa kamera iwezayo kuona joto, na mwaka 2016 wakaandika kwamba kama sehemu 12 katika 100 za nguvu hugeuka joto, kipimo kikiweza kukosea kwa 4. Wakaonyesha tena ya kuwa joto likilimbikana laweza kuunguza nyuzi ndogo za karatasi, na ufa uliokuwa ukitambaa ukakimbia.

Sasa nitoke katika karatasi nije njiani kwetu. Nalipanda lori Korogwe kwenda Handeni, juu ya magunia ya mahindi. Kabla hatujafika, bamba la springi lilikatika kwa mshindo, lori likalala ubavu, na mama mmoja akavunjika mkono. Nilipotazama pale palipokatika, upande mmoja ulikuwa mweusi, laini, wenye kutu. Wa pili uling'aa, umekwaruzika. Ule mweusi ulikuwa kazi ya siku nyingi, na ule wa kung'aa kazi ya nukta moja. Sisemi joto ndilo lililovunja springi. Chuma hupitisha joto upesi, na muda ule wote ufa ulikuzwa na mizigo na mashimo ya njia. Nasema ufa una mwendo wa namna mbili, na ni ule wa kwanza tu uwezao kuonekana na mtu mwenye taa na kitambaa.

Nao ulionekana. Utingo aliniambia kuwa aliuona mstari juma lililopita, akamweleza tajiri wake, akajibiwa, "Itafika."

Kipande cha bamba lile nimekuja nacho. Kipo mezani pa Mwandishi. Kipitisheni mkono kwa mkono, na mwenye swali na aulize.