Kwelea-kwelea: Nani Mwenye Ruhusa ya Kuwaua?

Somo letu la leo ni juu ya ndege ambaye kila mkulima wa mpunga, mtama na ulezi anamjua, naye ni kwelea-kwelea. Nasema hasa na ninyi ndugu zetu wa Ikola na vijiji vingine vya ufuko wa Ziwa Tanganyika, kwa kuwa mashamba yenu na maji yenu ya kunywa ni majirani.

Kwanza tumtazame ndege mwenyewe. Uzito wake ni kama gramu 20 tu, na kwa siku moja hula nafaka kama gramu 10. Mtu atasema, hizo ni punje chache. Ni kweli, lakini kwelea-kwelea hatembei peke yake. Kundi la ndege 1,000,000 laweza kula tani 10 kwa siku, yaani magunia 100 ya kilo 100. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia.

Chakula chake hasa ni mbegu za majani ya porini. Mbegu hizo zikiisha, au zikichipua kwa mvua, ndipo anapogeukia mashamba, naye hupenda punje zikiwa bado na maziwa. Mahindi hayamfai sana, maana punje zake ni kubwa mno.

Sasa laja swali. Mkulima akiona mpunga wake unaliwa, je, aweza kununua sumu dukani akawategea ndege hao? Jibu ni hapana. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya mwaka 2009 iliyoshika mahali pake, wanyama wa porini, pamoja na ndege, ni mali ya umma, na kuwaua kwa sumu kumekatazwa. Tena, kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, dawa za kuua visumbufu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake ni Arusha.

Sheria hizi hazikutungwa ili kumwonea mkulima. Dawa inayonyunyiziwa kwelea-kwelea kwa ndege za angani huitwa fenthioni, nayo hudhuru mishipa ya fahamu. Bundi au mwewe akila ndege aliyekufa kwa dawa hiyo, naye aweza kufa. Mtu aliyeingiwa na dawa ya namna hiyo hutoka jasho na mate mengi, hutapika na kutetemeka. Mwaka 2025 mataifa ya Mkataba wa Rotterdam yalikubaliana kwamba fenthioni kali ya kunyunyizia isiuzwe nchi nyingine bila nchi hiyo kuarifiwa kwanza na kutoa idhini. Ikiwa wataalamu wanaiogopa, je, itakuwaje mtu akimwaga sumu asiyoijua kwenye matete ya ziwa, mahali pale pale mnapovua dagaa na kuteka maji?

Njia iliyo halali ni hii. Mkulima humwarifu mwenyekiti wa kijiji na bwana shamba. Bwana shamba hupeleka habari halmashauri ya wilaya, na kutoka huko hufika kwa Mamlaka. Wataalamu huja kupima mahali ndege wanapolala, na dawa hunyunyizwa jioni, ndege wakiisha kutua. Kwa kuwa kwelea-kwelea hawajui mipaka, nchi zetu za Afrika Mashariki ziliungana mwaka 1962 katika shirika la kupambana na nzige wa jangwani, ambalo hushughulika na ndege hawa pia.

Najua mkulima mmoja atajibu: “Bwana, hata habari zifike huko, mpunga wangu umekwisha.” Neno hilo lina haki yake. Ndiyo maana habari zapasa kutolewa mapema, kabla ndege hawajaingia shambani. Jioni tazameni makundi yanaelekea wapi. Andikeni jina la mahali, ukubwa wake, jioni ngapi mmewaona, na kama pana maji, nyumba au mifugo karibu. Barua yenye mambo hayo humwezesha mtaalamu kuja na vifaa vinavyofaa. Na wenye kazi serikalini nao wanapaswa kukumbuka kwamba mpunga haungoji faili.

Wakati mkingoja, kazi ya kuamia ingali yenu. Jengeni madungu, shikeni kombeo na makopo, pandeni kwa wakati mmoja ili ndege wasile shamba moja mpaka kwisha, na vuneni mara mpunga unapokomaa. Huko Kondoa watu wamezoea kuwakamata kwelea-kwelea kwa mitego na kuwala. Wanaotaka kujifunza kazi hiyo wamwulize kwanza ofisa wa wanyamapori. Lakini ndege aliyeokotwa mahali paliponyunyizwa dawa asiliwe kamwe, wala asipewe kuku au mbwa.

Mwisho, jadilini maswali haya katika kikundi chenu:

1. Ndege hulala wapi karibu na kijiji chetu, na ni nani atakayewatazama kila jioni?
2. Mtoto akileta nyumbani ndege waliokufa, tumwambie nini?
3. Tumpe nani kazi ya kuandika barua?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.